Dada, mbona 5 jumlisha 3 inanipa 53?

Mdogo wangu, kama umeanza kujifunza Python na kikokotoo ndiyo programu yako ya kwanza, huenda swali hilo hapo juu ni lako. Umeandika mistari yako kumi na kitu, umeiendesha, ukaweka 5, ukaweka 3, ukachagua kujumlisha. Kompyuta haikulalamika wala haikutoa maandishi mekundu. Ilikujibu tu, tena bila wasiwasi: 53.

Leo tukae tuyapitie makosa ya kikokotoo moja baada ya jingine, na tiba zake. Ila kuna jambo moja nataka ulishike kabla hatujagusa msimbo, kwa sababu ndilo litakalokufaa hata siku utakapoandika programu kubwa kuliko hii. Kosa linalopiga kelele ni la kushukuru. Python ikisimama na kukuandikia hitilafu, imekwambia mstari gani una shida na shida ni ya aina gani. Kosa la kuogopa ni lile linalokaa kimya na kukupa jibu. Wanaoanza wengi hufanya kinyume: wakiona maandishi mekundu mioyo inawadunda, wanafuta kila kitu, wakiona jibu lolote limetoka, wanafunga kompyuta na kwenda kulala.

Ndiyo maana nakipenda kikokotoo kama programu ya kwanza. Hesabu zake unazijua tangu darasa la tatu. Unaweza kuandika jibu kwenye karatasi kabla kompyuta haijakujibu, kisha ukalinganisha. Hakuna programu nyingine rahisi kuishika ikidanganya kama hii.

Namba zako bado ni maandishi

Tuanze na hiyo 53. Chochote anachoandika mtumiaji kupitia `input()` huingia kwenye programu kikiwa maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Na alama ya + ikikutana na maandishi mawili, kazi yake ni kuyaunganisha. "5" na "3" huwa "53", kama ambavyo "baba" na "mkubwa" yangekuwa "babamkubwa".

Sasa jaribu programu hiyohiyo kwa kutoa. Python itagoma palepale na kuandika `TypeError`. Jaribu kuzidisha: itagoma. Jaribu kugawanya: itagoma. Kati ya matendo manne ya hesabu, matatu yanakupigia kelele na moja linanyamaza, na hilo moja ndilo ambalo karibu kila anayeanza hulijaribu kwanza.

Tiba ni kuyageuza maandishi kuwa namba mara tu yanapoingia:

```
namba1 = float(input("Namba ya kwanza: "))
namba2 = float(input("Namba ya pili: "))
```

Hesabu mabano yako: yamefunguliwa mara mbili, yafungwe mara mbili. Na usiandike `float(namba1)` peke yake kwenye mstari ukidhani kazi imekwisha. Mstari huo unatengeneza namba, kisha unaiacha ipotee. Hiyo `namba1` yenyewe inabaki maandishi kama ilivyokuwa. Lazima matokeo uyahifadhi: `namba1 = float(namba1)`.

Int au float, na habari ya mkato

Utaniuliza, kwa nini nimetumia `float` na mwalimu kwenye video alitumia `int`? `int` ni kwa namba nzima tu. Mtu akiandika 2.5, kwa mfano kilo mbili na nusu za sukari, `int` itamkatalia kwa `ValueError`. `float` inapokea zote mbili. Gharama yake ni ndogo: 5 jumlisha 3 itaonekana 8.0, na hilo si kosa, ni sura tu.

Mgeni wa pili ni mkato. Sisi tumezoea kuandika 2,500, na dukani tunaongeza na /= mwishoni. Python haizijui desturi hizo. `float("2,500")` inatoa `ValueError`, na programu inaanguka. Wengi wakifika hapo hutafuta njia ya mkato halisi, yaani kuifuta hiyo alama kimyakimya:

```
maandishi = maandishi.replace(",", "")
```

Hapa nakuomba usimame kidogo ufikirie nani ataitumia programu yako. Msomaji wa Bujumbura, Goma au Lubumbashi, aliyefundishwa hesabu kwa Kifaransa, anatumia mkato mahali ambapo sisi tunaweka nukta. Kwake 2,5 ni mbili na nusu. Mstari wako wa kufuta mikato utaigeuza kuwa 25, na hakuna hitilafu itakayotokea. Umechukua kosa lililokuwa linapiga kelele ukalifanya likae kimya, na jibu limekuwa kubwa mara kumi. Ni heri programu imwambie mtumiaji wazi, "Andika namba bila mkato, mfano 2500 au 2.5", kisha imuulize tena. Kumuuliza mtu mara ya pili si aibu. Kukisia alichomaanisha na kukosea ndiyo hatari.

Alama za hesabu: hapa ndipo uwongo unapojificha

Nikiona kikokotoo cha anayeanza, sehemu ninayoisoma polepole kuliko zote ni hii ya kuchagua tendo. Soma nami:

```
if alama == "+":
    print(namba1 + namba2)
if alama == "-":
    print(namba1 - namba2)
if alama == "*":
    print(namba1 * namba2)
if alama == "/":
    print(namba1 / namba2)
else:
    print("Alama hiyo siijui")
```

Ukijumlisha, utapata jibu sahihi na chini yake "Alama hiyo siijui". Unashangaa: imejua, halafu haijui? Sababu ni kwamba hiyo `else` ni ya `if` ya mwisho peke yake. Python imemaliza kujumlisha, ikaendelea kuuliza maswali mengine yote, ikafika la mwisho: je, alama ni ya kugawanya? Si ya kugawanya, basi ikaenda kwenye `else`. Unataka maswali haya yawe mnyororo mmoja, likijibiwa moja mengine yaachwe. Badilisha `if` ya pili, ya tatu na ya nne kuwa `elif`, na jambo litaisha.

Kosa la pili la hapa ni baya zaidi. Umegundua kwamba watu huandika x wanapotaka kuzidisha, jambo la kawaida kabisa, nawe ukataka kuwasaidia:

```
elif alama == "*" or "x":
    jibu = namba1 * namba2
```

Kwa Kiswahili sentensi hiyo inaeleweka: kama alama ni nyota au x. Python inaisoma kwa namna yake. Inauliza kwanza, je, alama ni nyota? Kisha inauliza swali la pili peke yake: je, "x" ni kweli? Na katika Python maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kila mara, kwa kila mtu. Ukiandika 10 gawanya kwa 2, programu haitafika kwenye kugawanya kamwe. Itakupa 20, na haitatoa hata herufi moja nyekundu. Andika hivi:

```
elif alama in ("*", "x", "X"):
    jibu = namba1 * namba2
```

Kosa la tatu ni la kipeo. Kwenye vitabu na kwenye kalkuleta nyingi, alama ya ^ ni ya kupandisha namba kwenye kipeo. Kwenye Python ukiandika `5 ^ 2` unapata 7. Si 25. Alama hiyo inalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu katika mfumo wa mbili: 5 ni 101, 2 ni 010, na mahali zinapotofautiana panawekwa 1, ndipo inatoka 111, yaani 7. Unayoitaka wewe ni nyota mbili: `5 ** 2`. Jambo la kufurahisha ni kwamba ukiwa umetumia `float`, Python itakataa ^ kwa `TypeError`. Ukiwa umetumia `int`, itakupa 7 na kunyamaza.

Kugawanya kwa sifuri

Hili unalijua kutoka darasani: haigawanyiki. Python nayo inajua, na itasimama na `ZeroDivisionError`. Usilipuuze ukisema hakuna mtu mzima atakayegawanya kwa sifuri. Tarehe 21 Septemba 1997, meli ya kivita ya Marekani iitwayo USS Yorktown ilikuwa baharini karibu na pwani ya jimbo la Virginia. Mmoja wa wafanyakazi wake aliingiza sifuri kwenye nafasi ya kujaza takwimu. Programu ikajaribu kugawanya kwa hiyo sifuri, mtandao wa kompyuta za meli ukaanguka, na meli ikapoteza nguvu ya kwenda. Walioiandika programu hiyo walikuwa wataalamu. Walichokosa ni swali moja dogo kabla ya kugawanya:

```
if namba2 == 0:
    print("Haigawanyiki kwa sifuri")
else:
    print(namba1 / namba2)
```

Na ukiwa hapohapo, chagua alama yako kwa makini. Mkwaju mmoja, `7 / 2`, unatoa 3.5. Mikwaju miwili, `7 // 2`, inatoa 3 na kuacha baki. Ukifuata somo la zamani lililoandikwa kwa Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa mwanzoni mwa mwaka 2020, utaambiwa `7 / 2` ni 3. Lilikuwa sahihi kwa zama zake. Dalili ya kulitambua somo la namna hiyo ni `print` isiyo na mabano.

Kuna ushauri mmoja utakaokutana nao ambao naukataa kwa moyo wote: kuifunika programu nzima kwa `try` na chini yake `except` tupu, kisha kuandika "Kuna kosa". Ndiyo, haitaanguka tena. Lakini sasa hata ukikosea tahajia ya jina la `namba2`, itasema "Kuna kosa" na hutajua ni lipi. Ukitumia `except`, itaje hitilafu unayoitarajia kwa jina lake: `except ValueError`. Nyingine ziache zipige kelele.

0.1 jumlisha 0.2

Siku moja utajumlisha 0.1 na 0.2 na kikokotoo chako kitaandika 0.30000000000000004. Usianze kutafuta ulipokosea. Hujakosea. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo huo, kama ambavyo theluthi moja haiandikiki kikamilifu kwa desimali zetu, utaandika 0.333 hadi uchoke. Kompyuta inahifadhi namba iliyo karibu sana na 0.1, na huo ukaribu ukijumlishwa unaonekana mwishoni.

Kwa mazoezi yako, izungushe namba wakati wa kuionyesha tu: `print(round(jibu, 2))`. Hesabu zenyewe ziache zibebe tarakimu zote hadi mwisho. Kama kikokotoo chako ni cha fedha, fanya hesabu kwa kipimo kidogo kabisa kikiwa namba nzima, mathalani senti badala ya shilingi. Au tumia moduli ya `decimal` iliyomo ndani ya Python, na uipe namba ikiwa maandishi: `Decimal("0.1")`. Ukiipa `Decimal(0.1)` bila alama za kunukuu, umeipa ile namba iliyokwisha kupinda.

Tofauti hizi ndogo zimewahi kuua. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot uliowekwa Dhahran nchini Saudi Arabia ulishindwa kulizuia kombora, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Mtambo ule ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi ilikuwa imekatwa ili itoshe kwenye kumbukumbu yake. Ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi mfululizo, na kakosa kale kalikuwa kamekua hadi kufikia theluthi ya sekunde. Kombora linakwenda mbali sana katika theluthi ya sekunde. Sikutajii haya ili uogope. Nayataja kwa sababu namba uliyoiona kwenye skrini yako ni ileile, nawe sasa unaijua.

MAGAZIJUTO na Python

Hatua inayofuata ni kutaka mtumiaji aandike hesabu nzima kwa mara moja, kama `2 + 3 * 4`. Jibu ni 14, kwa sababu kuzidisha kunatangulia. Kalkuleta ndogo ya mezani itakupa 20 kwa hesabu hiyohiyo, kwani hutekeleza kila tendo kadiri unavyobonyeza.

Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tulikariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia, ila ukiifuata herufi kwa herufi itakugombanisha na Python. Chukua `10 - 3 + 2`. Ukijumlisha kwanza, 3 na 2 ni 5, kisha 10 toa 5 unapata 5. Python itakwambia 9, na Python ndiyo iliyo sahihi. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na kuzidisha na kugawanya vina cheo kimoja. Vyenye cheo sawa hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia. Ukiwa na shaka, weka mabano. Mabano hayamchanganyi mtu.

Utakutana pia na mtu atakayekwambia hesabu nzima inaweza kufanywa kwa mstari mmoja: `print(eval(input()))`. Inafanya kazi, na ndiyo maana inavutia. Lakini `eval` haitekelezi hesabu peke yake. Inatekeleza chochote cha Python kitakachoandikwa, ikiwemo amri ya kufuta mafaili yako. Usiiweke kamwe kwenye programu ambayo mtu mwingine ataandika kitu ndani yake. Zaidi ya hayo, ukiitumia hujajifunza kuandika kikokotoo. Umeazima kilichomo ndani ya Python.

Makosa madogo yanayopoteza jioni nzima

Haya nayapitia haraka, kwa sababu tiba zake ni fupi.

Usiite kitu chako kwa jina la kitu cha Python. Ukiandika `input = input("Namba: ")`, mara ya kwanza itakubali. Mara ya pili utaambiwa `'str' object is not callable`, kwa sababu `input` uliyoijua haipo tena. Umeweka maandishi mahali pake. Vivyo hivyo kwa `sum`, `int` na `float`. Majina ya Kiswahili yanakuepusha na balaa hili: `jumla`, `jibu`, `namba1`.

Ukianza kuandika funksheni, tofautisha `print` na `return`. `print` inamwonyesha mtu kwenye skrini. Nayo `return` inairudishia programu jibu ili ilitumie. Ukiona neno `None` mahali ulipotarajia namba, funksheni yako imeonyesha jibu bila kulirudisha.

Mnaojifunza kwa simu, kwa Pydroid 3 na nyinginezo, jihadharini na msimbo ulionakiliwa kutoka kwenye ujumbe au kwenye kitabu. Alama za kunukuu zilizojikunja si sawa na zile zilizonyooka, na × ya kwenye kibodi ya simu si nyota. Kwa macho yako zinafanana. Kwa Python ni herufi ngeni, nayo itakuandikia `SyntaxError`. Zifute uziandike upya kwa mkono wako. Hali kadhalika nafasi za mwanzo wa mstari: chagua nafasi nne na ubaki nazo faili nzima.

Na jifunze kusoma ujumbe wa hitilafu. Anza na mstari wa mwisho, ndio unaotaja aina ya kosa. Kisha panda juu utafute namba ya mstari. Mstari huo ukionekana hauna tatizo, tazama ulio juu yake, kwani mabano ambayo hayakufungwa huko mara nyingi hulalamikiwa huku. Matoleo ya Python kuanzia 3.10 hukwambia wazi kwamba mabano yalifunguliwa yakaachwa. Kama Kiingereza cha ujumbe kinakupiga chenga, andika maneno yake kwenye daftari pamoja na maana. Ni machache, na hujirudia.

Kikokotoo kilichopona

Tukiyakusanya yote, programu yako inaweza kuwa hivi:

```
def soma_namba(swali):
    while True:
        try:
            return float(input(swali))
        except ValueError:
            print("Andika namba bila mkato, mfano 2500 au 2.5")

def kokotoa(a, alama, b):
    if alama == "+":
        return a + b
    elif alama == "-":
        return a - b
    elif alama in ("*", "x", "X"):
        return a * b
    elif alama == "/":
        if b == 0:
            return "Haigawanyiki kwa sifuri"
        return a / b
    else:
        return "Alama hiyo siijui"

a = soma_namba("Namba ya kwanza: ")
alama = input("Alama (+ - * /): ").strip()
b = soma_namba("Namba ya pili: ")
print(kokotoa(a, alama, b))
```

Hiyo `strip()` inaondoa nafasi ambazo mtu huzigusa bila kujua kabla au baada ya alama. Na `while True` inarudia kuuliza hadi namba sahihi ipatikane. Hiyo `return` ndiyo inayoitoa programu kwenye mzunguko huo. Usiinakili tu. Ifunike, uiandike mwenyewe kutoka kichwani, kisha ufunue uone ulipotofautiana nami.

Ijaribu kama mkaguzi

Mkaguzi wa vipimo akija dukani, hamuulizi mwenye duka kama mizani yake ni nzima. Anaweka juu yake jiwe ambalo uzito wake anaujua, kisha anasoma. Wewe nawe ikague programu yako kwa hesabu ambazo majibu yake umekwisha kuyaandika kwenye karatasi.

Na tafadhali usiijaribu kwa 2 na 2. Mbili jumlisha mbili ni nne, mbili mara mbili ni nne, mbili kwa kipeo cha mbili ni nne. Programu inayozidisha mahali pa kujumlisha itafaulu mtihani huo, nawe utaipongeza. Tumia namba zinazotofautisha:

- 5 + 3, utegemee 8.0. Ikija 53, namba bado ni maandishi.
- 3 - 5, utegemee -2.0. Ikija 2.0, umezigeuza namba zako.
- 2.5 * 4, utegemee 10.0. Ikianguka au ikikuuliza upya, bado unatumia `int`.
- 2.5 x 4, utegemee 10.0 ileile.
- 7 / 2, utegemee 3.5. Ikija 14.0, rudi kwenye ile `or`.
- 7 / 0, utegemee maneno ya Kiswahili, si programu iliyokufa.
- 7 ? 2, utegemee kuambiwa alama haijulikani.
- Neno "saba" badala ya namba, kisha 2,5 yenye mkato. Zote mbili zitegemee kuulizwa upya.

Kila unapobadilisha mstari mmoja, rudia orodha yote tangu juu, kwa sababu tiba ya kosa moja huweza kuzaa jingine mahali ambapo hukugusa. Nakuambia ukweli, tabia hii ndiyo itakayokupa kazi kesho kuliko idadi ya lugha za kompyuta utakazoorodhesha kwenye wasifu wako. Watu wanaoweza kuandika programu ikatoa jibu ni wengi. Wanaoweza kueleza kwa ushahidi kwamba jibu ni sahihi ni wachache, na hospitali, benki na maduka vinawahitaji hao.

Ukimaliza orodha, mpe simu au kompyuta mtu asiyejua chochote kuhusu programu, mama, kaka, jirani, na usimwelekeze. Mtazame tu anavyoandika. Atabonyeza kitu ambacho hukukifikiria. Kiandike kwenye orodha, tengeneza, mpe tena. Jioni hiihii, mdogo wangu, anza na yale majaribio tisa ya orodha, na kabla ya kila moja andika kwanza jibu lako kwa kalamu.